Ukitaka kupanga Kamalondo, anza kwenye bomba

Kila mwezi kuna kijana anayeniuliza namna ya kupata chumba Kamalondo, moja ya komini, yaani wilaya, za mji wa Lubumbashi huku Kongo. Ametoka Likasi au Kolwezi, au anatoka kwa wazazi wake kule mtaa wa Golf, amepata kazi hapa Lubumbashi, na anataka kukaa palepale watu wanapokuja kutembea Jumamosi jioni. Namwelewa. Mimi ni fundi cherehani, niko katika komini hii tangu 2014, na sina hamu ya kuhamia penginepo. Lakini wengi wanakuja kwa ajili ya muziki na watu, halafu baada ya miezi mitatu wanafunga mizigo kwa sababu ya muziki uleule na watu walewale. Kwa hiyo, wadogo zangu, nawaandikia yale ninayowaambia wateja wakati nawapima mabega.

Kamalondo hupangi chumba, unapanga lupango, yaani kiwanja kizima chenye vyumba vya wapangaji wengi. Chumba ni kuta nne na dirisha. Lupango ni bomba moja, choo kimoja au viwili, mita moja ya umeme, mwembe katikati, na familia tano ambazo zitajua siku uliyokula vizuri na siku uliyolala njaa. Hii ni sehemu ya zamani. Wabelgiji waliiita komini Albert, na nyumba nyingi zimeongezwa vyumba nyuma, halafu nyuma ya vile vya nyuma. Ukuta wako ni ukuta wa jirani. Kwa hiyo usiangalie rangi kwanza. Nenda mara mbili: saa kumi na moja alfajiri, na Jumamosi usiku.

Alfajiri simama karibu na bomba. Hesabu madumu yaliyopangwa foleni, utazame nani anayapanga. Palipo na mama mmoja anayeitwa kila dumu linapohama, hapo kuna utaratibu, hata kama maji ni ya saa mbili tu kwa siku. Pasipo na mtu, kila asubuhi ni ugomvi. Usimwulize mwenye nyumba maji yanatoka saa ngapi. Muulize mtoto anayeyachota.

Umeme uuulizie hivi: mita ni ya nani, na mnagawana vipi? Kwetu kuna daftari limetundikwa kwa msumari mlangoni pa mama mwenye lupango. Balbu moja ni hesabu moja, friji ni hesabu nne, jiko la umeme ni hesabu sita. Pasi yangu ndiyo ilileta kesi. Natumia pasi mchana kutwa, na mwezi wa kwanza majirani walinung'unika, na walikuwa na haki. Tulikaa chini ya mwembe tukakubaliana: mimi nalipa hesabu tano, na kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, watu wanapopika, nashika pasi ya makala, yaani ya mkaa. Imekuwa hivyo mpaka leo. Lupango lisilo na daftari ulipangie mwezi mmoja kwanza, kama watakukubalia, uone.

Sasa pesa, maana hapo ndipo vijana wanapoumia. Mwaka 2014 komisioneri mmoja, yaani dalali wa vyumba, alinionyesha chumba kizuri karibu na uwanja wa mpira, chenye sementi mpya chini. Nikampa pesa ya kutembelea, ile ya kuonyeshwa chumba, nikampa na garanti, yaani amana ya mwenye nyumba. Siku niliyofika na cherehani yangu juu ya mkokoteni, nikakuta pazia la mtu mwingine dirishani na sufuria juu ya mbabula, jiko la makala, mlangoni. Yule komisioneri sikumwona tena. Nililala kwa dada yangu katika komini ya Katuba miezi minne nikishona usiku ili nirudishe ile pesa. Basi shika hili: usitoe hata franga kabla hujamwona mwenye nyumba kwa macho yako, na kabla hujaongea na mpangaji anayetoka. Kama anayetoka haonekani, waulize majirani ametoka lini na kwa nini.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaomba sita. Itaje sheria kwa heshima, ukimwita baba au mama, bila kupandisha sauti. Mimi nimeona wakishuka hadi minne, na mara moja hadi mitatu kamili. Chochote mtakachokubaliana, kiandikwe: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, ni dola au franga, namba iliyo kwenye mita siku hiyo, kioo kilichopasuka tayari, majina na sahihi, na shahidi mmoja wa mtaa. Ukilipa au ukirudishiwa dola, shika kila noti kwenye mwanga na upitishe kidole ukingoni. Noti iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea sokoni, na wewe ndiye utakayebaki nayo.

Jumamosi usiku utaelewa yaliyobaki. Uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe uko katika komini yetu tangu 2011, nao unachukua watu 18,500. Siku ya mechi, anua nguo kwenye kamba kabla ya saa sita, nunua mkate na makala asubuhi, na kama una gari liache mbali. Siku Mazembe inapokutana na Lupopo, timu nyingine ya mji wetu, usipite karibu na milango ya uwanja ukiwa umevaa njano na buluu, rangi za Lupopo, kama hutaki maneno. Mimi nashona jezi za watoto za pande zote mbili, na ya Lupopo naifunga kwenye karatasi siku hiyo. Baada ya mechi muziki hauzimwi mapema. Ukiwa mtu wa kulala saa tatu, chagua chumba cha nyuma kabisa, kisichotazama barabara, na uweke kabati kwenye ukuta unaopokea sauti. Kwenda kugombana na wenye baa si njia. Nenda mchana, ukae, ununue kitu, useme una mtoto mchanga au zamu ya usiku. Wanapunguza. Jioni hizohizo ndipo michopo inapochomwa: nyama ya mbuzi, kitunguu kibichi, chumvi na pilipili kwenye karatasi. Chagua kipande chako mwenyewe kabla hakijakatwa, na kipimwe ukiona.

Unga, nunua gunia zima linaposhuka bei. Mahindi mengi tunayokula hapa yanapitia mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia, na mpaka ukikwama, bei ya bukari, yaani ugali wetu, inapanda wiki hiyohiyo.

Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usiingize mbabula ndani ya chumba ukafunga mlango. Makala yakiwaka hutoa gesi isiyo na harufu wala moshi. Unalala na huamki. Vyumba vyetu ni vidogo na dirisha ni moja. Otea moto nje pamoja na wengine, halafu uingie na blanketi la pili.

Kitu kinachowashinda wageni kuliko kelele ni kilio, yaani matanga. Mtu akifa katika barabara yenu, turubai linafungwa, viti vinapangwa, gari halipiti, na hilo huchukua siku. Mwaka jana kijana aliyepanga kwetu, mtu mpole wa ofisini, alipita mbele ya turubai jioni tatu akiwa na vifaa vya muziki masikioni, akaingia, akafunga. Hakuwa na dharau, hakujua. Jioni ya nne nilimgongea mlango, nikamwambia, mdogo wangu, toa mchango wako hata kama ni mdogo, jina liandikwe, kisha ukae kwenye kiti nusu saa. Huna haja ya kusema kitu. Alikwenda. Wiki iliyofuata aliugua homa, na aliyempelekea uji alikuwa mjane wa yule marehemu.

Ukishapata chumba, hamia asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa wachache na bomba halina foleni. Anza kwa kumsalimia mama mwenye lupango, kisha mlango kwa mlango, useme jina lako na kazi yako. Na uje na ufagio wako wa uwanjani, ule mrefu wa vijiti. Udongo wetu ni mwekundu, unaingia kila mahali, na zamu ya kufagia huanza na mgeni.