Somo la kwanza la akili mnemba: anza na unachokijua

Mwezi uliopita katibu wa kikundi cha kuweka na kukopeshana (VICOBA) mtaani kwetu, hapa Muheza, alimwandikia mgeni wa Ujerumani barua ya mwaliko. Aliiandika kwa Kiswahili safi, akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, akaituma bila kuipitia tena. Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Mgeni akajibu kwa upole akiuliza kama ni kweli wanakutana usiku, maana barua iliyomfikia ilisema 3:00 a.m., kwa hesabu ya saa ya kwao. Hiyo kwetu ni saa tisa ya usiku.

Programu ilitafsiri kila neno sawasawa. Ambacho haikukijua ni kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Tangu siku hiyo nimeulizwa sana na wanakikundi kama hii akili mnemba ni ya kuaminiwa au ni ya kukimbiwa, ndiyo maana nimeandaa somo hili kwa ambaye hajawahi kuigusa kabisa. Wengine mnaiita akili bandia, wengine akili unde, vijana wanasema AI tu. Jambo ni lile lile. Uwe na simu janja, bando kidogo, na daftari la kuandikia utakachokiona.

Hatua ya 1: Tambua unayoitumia tayari

Ukiandika ujumbe, kibodi inakupendekezea neno linalofuata. Ukifungua YouTube, video zinakuja kwa mpangilio ambao si wa jirani yako. Ukipiga picha, kamera inauzungushia uso kimraba. Ukiongea badala ya kuandika, simu inageuza sauti kuwa maandishi. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo mwaka 2017. Yote hayo ni akili mnemba, na umeishi nayo miaka bila kuambiwa jina lake.

Hatua ya 2: Elewa inavyojifunza

Hapa ndugu zangu msipite haraka, kwa sababu mengine yote yanategemea hapa.

Jina lenyewe ni la zamani. Mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy na wenzake walilitumia kwa Kiingereza, artificial intelligence (ndiyo hiyo AI), kuitisha mkutano wa wataalamu uliofanyika katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Kwa miaka mingi baada ya hapo, njia kuu ilikuwa kuiandikia kompyuta kanuni: ukiona hiki, fanya kile. Njia iliyotufikisha leo ni nyingine. Kompyuta inapewa mifano mingi sana, kisha inaachwa itafute yenyewe kinachofanana.

Mfano ninaoupenda ni wa muhogo, kwa sababu ni wa kwetu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na watafiti wa kituo cha Amani, hapa hapa wilayani kwetu, katika miaka ya 1930. Ni ugonjwa mbaya: shina linaweza kuonekana zima, ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha Penn State cha Marekani na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya pwani ya Tanzania, zaidi ya picha 2,700. Wataalamu wa muhogo walizipanga: hili lina batobato, hili lina michirizi, hili limeliwa na utitiri, hili ni zima. Kompyuta ikazipitia tena na tena mpaka ikaanza kutofautisha. Ilipopewa picha ambazo haijawahi kuziona, ilipatia takribani 93 katika kila 100. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa programu ya PlantVillage Nuru, inayoongea Kiswahili na kufanya kazi shambani bila intaneti.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya habari hiyo, ambayo watu huwa hawaisimulii. Walipoijaribu kwenye simu, majani yaliyoanza tu kuugua yaliisumbua sana kuliko yale yaliyoathirika wazi. Mkulima anahitaji msaada zaidi siku zile za mwanzo, na siku zile ndizo mashine inapokuwa dhaifu. Mimi nikimfundisha mkulima kuitumia, namwambia apige picha majani kadhaa ya shina moja, kisha amwonyeshe na bwana shamba.

Programu za kuongea nazo, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, zimejifunza kwa njia inayokaribiana na hiyo, ila badala ya majani zilipewa maandishi. Nikikuambia "Asiyesikia la mkuu," hukai ukafikiri, unamalizia "huvunjika guu." Umelisikia mara nyingi mpaka linatoka lenyewe. Programu hizi zinafanya hivyo kwa kila sentensi: zinakisia kipande kinachofuata, kisha kingine, kisha kingine, kwa wepesi usioelezeka. Kwa kuwa zimesoma maandishi mengi mno, makisio yao mara nyingi yana maana na yana msaada. Lakini pale ambapo hazijui, nazo hukisia vile vile, kwa sauti ile ile ya kujiamini.

Hatua ya 3: Iagize kama unavyomwagiza mtu mgeni

Ukimtuma mtoto wa nyumbani dukani, maneno mawili yanamtosha, kwa sababu anaijua nyumba. Mgeni utamweleza duka gani, kiasi gani, na chenji arudishe shilingi ngapi. Mashine ni mgeni wa kila siku. Ukiandika "nisaidie biashara yangu" utapata maneno matamu yanayomfaa kila mtu na yasiyomfaa yeyote. Jaribu hivi:

"Ninauza maandazi Muheza mjini. Natumia unga kilo 2, sukari robo kilo, mafuta nusu lita na mkaa wa shilingi 1,500. Nitakuandikia bei ya kila kitu. Napata maandazi 80. Nipigie hesabu ya gharama ya andazi moja, onyesha kila hatua."

Hayo maneno ya mwisho, onyesha kila hatua, msiyaache. Yanakuwezesha kuona mahali ilipokosea, na kwenye hesabu inakosea. Rudia jumla kwa kikokotoo cha simu. Jibu lisipokuridhisha, usifute na kuanza upya. Iambie kilichopungua, kwa mfano "umesahau mkaa," nayo itarekebisha.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa unachokijua

Kabla hujaiuliza usilolijua, iulize unalolijua vizuri kuliko mtu yeyote. Fundi cherehani aiulize kitambaa cha gauni la solo. Mvuvi aiulize samaki wa msimu wa kusi. Mimi naanza na majaribio haya matatu, nanyi yafanyeni leo.

La kwanza, ipe itafsiri kwa Kiingereza "Tutakutana saa mbili asubuhi." Ikija na 2:00, umeona kilichomkuta katibu wetu. Iambie unatumia saa za Kiswahili, uone kama itajirekebisha.

La pili, ipe itafsiri kwa Kiingereza "Yeye ni daktari. Yeye ni muuguzi." Kiswahili hakisemi kama yeye ni mwanamume au mwanamke. Mara nyingi tafsiri itamfanya daktari mwanamume na muuguzi mwanamke. Hakuna aliyeiagiza hivyo. Imeokota kutoka maandishi iliyosoma. Kwangu hili ni zito kuliko kosa la saa, kwa sababu kosa la saa utalishtukia, hili linapita kimya kimya.

La tatu, iulize historia ya kijiji chako. Huenda itakutajia chifu ambaye babu zako hawakuwahi kumsikia, na mwaka aliotawala. Msidhani ni wanyonge tu wanaonaswa na hilo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani maamuzi ya kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ndiyo iliyoyatunga, nao hawakwenda kuyatafuta.

Hatua ya 5: Vitu vya kutoandika humo

Namba ya siri ya simu au benki, namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, cheti cha hospitali cha mtu mwingine. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kurudisha kilichokwisha kutoka mkononi mwako.

MASWALI NILIYOULIZWA

Swali (mzee wa Pangani): Mimi nina kiswaswadu. Somo hili linanihusu kweli?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Linakuhusu. Hutaweza kuongea nayo kwenye simu hiyo, ila yenyewe inaweza kukupima. Kenya, tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ianze mwaka 2012, mtu amekuwa akipewa au kunyimwa mkopo mdogo kwa kompyuta kuangalia anavyotumia simu na pesa zake, hakuna afisa anayekaa naye mezani. Huduma kama hizo zimeenea. Kwa hiyo ukinyimwa mkopo wa simu, si kwamba kuna mtu amekuchukia. Uliza sababu, na kama taarifa zako zina makosa, dai zirekebishwe.

Swali (mama wa wanafunzi wawili, Korogwe): Mwanangu wa Form Two anaifanyisha homuweki yote. Nimnyang'anye simu?

Jibu: Usimnyang'anye, dada. Kaa naye jioni mwambie akueleze jibu bila kuangalia daftari. Akishindwa, mtajua wote wawili kwamba kazi ile haikuwa yake. Kisha mfundishe kuigeuza: aiambie "Niulize maswali kumi ya usanisinuru, moja moja, usinipe jibu mpaka nijaribu." Hapo mashine inakuwa mwenzake wa kusoma. Nimeona watoto wanaopenda hilo kuliko kunakili.

Swali (baba, Lushoto): Mtoto akipata homa usiku, naweza kuiuliza dawa?

Jibu: Hapana, kaka. Haimwoni mtoto, haijui uzito wake, haiwezi kumpima damu. Zahanati wana kipimo cha haraka cha malaria kinachotoa majibu kwa dakika chache, na homa ya mtoto mdogo haisubiri. Unachoweza kuiomba ni kukusaidia kuandika kumbukumbu ya kumwambia mganga wa zahanati: homa ilianza lini, ametapika mara ngapi, amekunywa nini.

Swali (mwenye steshenari, Tanga mjini): Nataipu barua na CV za watu. Itanimaliza?

Jibu: Sitakudanganya. Kazi ya kutaipu tu itapungua, maana mteja ataanza kuja na barua iliyokwisha kuandikwa. Lakini hapa kwangu wanaoleta barua hizo wanahitaji mtu wa kuzisoma. Wiki hii nimesahihisha ya kijana ambaye CV yake ilidai ana uzoefu wa miaka mitano. Ana umri wa miaka kumi na tisa. Kuwa huyo mtu, na utoze kwa kazi hiyo.

Swali (dada wa Mombasa): Nimesikia wanaiga sauti ya mtu. Nitajuaje kama ni ndugu yangu kweli anayeomba pesa?

Jibu: Kwa sikio pekee hutajua, na usijilaumu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea, huu wa sauti ni ndugu yake. Kata simu, mpigie wewe kwa namba uliyo nayo siku zote. Na nyumbani kubalianeni neno moja la siri, lisiloandikwa popote, ambalo anayeomba pesa kwa dharura lazima alitaje.

Swali (mwalimu, Handeni): Kwa nini Kiswahili chake wakati mwingine ni kama cha mtu aliyejifunza kwenye kamusi?

Jibu: Kwa sababu kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyojifunza. Kiingereza ilipewa kwa mlima, Kiswahili kwa kikapu, na kikapu chenyewe kimejaa habari za magazeti na tafsiri. Mazungumzo ya kisimani, ya kijiweni, ya soko la samaki, ni machache mno humo. Neno moja kama "hawatanipikia" lina habari ya sentensi nzima ya Kiingereza, na mashine hulikata vipande vipande ili ilielewe. Kuna njia ya kusaidia na haina gharama zaidi ya bando: mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla unakusanya sauti za wanaojitolea, Kiswahili kikiwemo. Unasoma sentensi fupi kwa sauti yako, na unaweza pia kusikiliza za wenzako na kusema kama zimesomwa sawa. Jumamosi saa nne asubuhi, saa zetu, nitafungua chumba cha kompyuta kwa ajili ya kazi hiyo. Ukija na wanafunzi wako, walete na wanaoongea Kizigua nyumbani, maana lafudhi yao nayo inahitajika.