Usishushe mguu
Tulikuwa watano, likizoni, tukienda kuendesha pikipiki za magurudumu manne na nguo zetu za ufukweni. Kosa la kwanza hilo. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga: injini ya pikipiki hizo huchoma, na kandambili huchomoka kwenye tope la kwanza tu.

Kabla hamjaondoka, mwombe kiongozi wa msafara akuonyeshe breki, kisha uzijaribu mwenyewe. Mwendo huongezwa kwa kikono kidogo kinachosukumwa na kidole gumba, na mtu akishtuka hukikaza badala ya kukiachia. Mimi nilikikaza. Nikaibukia kichakani, wenzangu wakacheka hadi machozi.

Kwenye kilima inama mbele. Ukishuka, rudi nyuma kwenye kiti na utumie gia ndogo. Pikipiki ikianza kuyumba, usishushe mguu hata kidogo, maana gurudumu la nyuma linaweza kuukanyaga. Mkikuta maji, kiongozi avuke kwanza, nanyi mpite alipopita, polepole, bila kusimama. Ukishatoka, bonyeza breki kidogo kidogo zikauke.

Vumbi nalo! Acheni nafasi. Na yule rafiki mpenda mbio, mwekeni nyuma ya kiongozi, achungwe.