Ukishtuka kupita kiasi, ujue kuna mtoto anaamua badala yako

Mwezi uliopita bosi kanitumia meseji ya neno moja tu, "Njoo". Nilikuwa nakunywa chai, tumbo likakata, viganja vikalowa jasho, nikaanza kupekua kichwani makosa yote ya wiki nzima, nafika kumbe anataka risiti za mafuta. Mtu mzima na miaka yangu 38! Kumbe kwetu Kongwa mzee akisema "njoo" bila kukutaja jina, fimbo iko tayari nyuma ya mlango.

Kwahiyo ukitaka kujielewa usianze na maswali makubwa ya mi ni nani, anza na mwili. Chukua daftari, wiki mbili tu, kila ukishtuka au ukinuna kuliko jambo lenyewe lilivyostahili andika kimetokea nini, mwili umefanya nini, na zamani ulishawahi kujisikia hivyo ukiwa wapi. Mistari miwili inatosha. Hilo la mwisho usililazimishe, jibu litakuja lenyewe uko kwenye daladala ya Mtumba au unafua.

Halafu jiulize hiyo tabia ilikusaidia nini enzi hizo, hapa wengi wanaruka. Mi nilikuwa nanunua unga gunia zima, tupo watatu tu nyumbani, mke wangu analalamika fukusi wanaingia na mi nakasirika kabisa. Nimekulia ukame. Kuna mwaka uwele ulikauka shambani, mama anatugawia ugali na mlenda afu yeye anasema ameshiba, na mi nilikuwa naona sufuria haina kitu. Mtoto aliyeona vile akiweka akiba hana kosa lolote, ndo iliyomvusha, shida ni kwamba hajaambiwa njaa ile imeisha.

Yale usiyoyakumbuka kaulize wakubwa, ila usiende na mashtaka. Ukimwambia mzazi "kwa nini mlinipiga" umefunga mlango. Mi nilikaa na shangazi tunachambua mlenda nikamuuliza, shangazi, hivi nilikuwa mtoto wa namna gani? Akacheka, akasema nilipelekwa kwa bibi nina miaka mitatu, nililia wiki nzima afu nikanyamaza kimya, watu wakasifia mtoto katulia. Niliacha kuchambua.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza watoto, alienda Uganda 1954 akawa anatembelea familia za vijiji vya karibu na Kampala, anaangalia watoto na mama zao. Aliona mtoto anatambaa kwenda mbali kuchezea vitu kwa sababu anajua mama yupo pale wa kumrudia. Sasa mtoto akikosa wa kumrudia, kimya chake sio lazima awe ametulia, inawezekana amekata tamaa ya kuita, na ukubwani anaweza kuwa yule mtu anayeumwa siku nne bila kumwambia hata mwenzake wa ndani.

Kama daftari linafungua mambo mazito, ulibakwa, usingizi umekata, unawaza kufa, usikae nalo peke yako, mwambie mtu wako wa karibu na uende hospitali leoleo. Hapa Dodoma Mirembe ipo, na wale wanaosema ni ya vichaa waache waseme, ni hospitali ya afya ya akili na wewe una haki ya kutibiwa.

Kubadilika sasa, jaribu kitu kimoja kidogo, tena kwenye hali ileile inayokushtua. Mi siku hizi nikipata "njoo" nakunywa maji kwanza afu najibu, "Sawa bosi, nije na kitu gani?" Mara ya kwanza vidole vilitetemeka. Akajibu, "Kalkuleta." Na binti yangu namwita kwa jina na namwambia kabisa namwitia nini.

Unga tunanunua kilo 10, na mke wangu ndo anayeamua lini uongezwe. Kila zikibaki kama kilo 2 usiku naamka naenda kuangalia ndoo, afu narudi kulala.