Somo: Je, wagonjwa wa saratani wanaishi zaidi kuliko zamani? Jinsi ya kupima

Marekani, kwa waliogunduliwa saratani ya aina yoyote mwaka 1975–1977, kiwango cha kunusurika miaka 5 kilikuwa 49%. Kwa waliogunduliwa katikati ya miaka ya 2010 kimekaribia 69%. Usishangilie kabla hujajua namba hizo zimepikwaje. Leo tunaingia jikoni.

Hatua ya 1: Pata wagonjwa wote wa eneo. Mafaili ya hospitali moja hayatoshi, hata iwe kubwa kama Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Hospitali ya rufaa inawaona waliofanikiwa kufika. Aliyeishia zahanati ya kijijini hayumo. Unahitaji rejista ya saratani ya eneo lenye mipaka. Ya Kampala ipo tangu miaka ya 1950 na inahesabu wakazi wa Kyadondo, kaunti ulipo mji huo. Mgonjwa wa Mbarara aliyekuja kutibiwa Kampala haingii, hata kama amelazwa miezi sita.

Hatua ya 2: Washa saa. Saa inaanza siku ya utambuzi. Rejista nyingi huchukua siku kinyama kilipokatwa kupelekwa maabara. Kanuni yoyote utakayochagua, usiibadilishe katikati. Ukiibadilisha mwaka 2010, grafu itaruka mwaka 2010 na hakuna mgonjwa aliyeongezewa hata siku moja. Anayejulikana kwa cheti cha kifo tu anatolewa, maana saa yake haina mwanzo, ila taja wako wangapi. Wakiwa wengi, kuwatoa kumeipendezesha namba yako.

Hatua ya 3: Jua nani yuko hai. Finland wanasajili saratani tangu 1953, na kila mkazi ana namba yake, kwa hiyo kompyuta inaoanisha wagonjwa na vifo kimyakimya. Kwetu kazi hii ni simu na daftari. Niliwahi kupiga namba iliyoandikwa kwa penseli pembeni ya faili. Akapokea mjukuu: "Bibi alishatutoka, wiki moja kabla ya Maulidi." Maulidi ya mwaka gani? Akamuuliza mama yake, kukawa na ubishi kidogo huko nyuma, wakakubaliana ni ule mwaka mvua za vuli zilipobomoa choo. 2019. Nikafungua kalenda, nikaandika: mwanzoni mwa Novemba 2019. Simu ile ilichukua dakika kumi na moja, na bila hiyo bibi angebaki kwenye orodha ya "hajulikani alipo". Kwa maoni yangu robo tatu ya ubora wa utafiti wowote wa aina hii Afrika Mashariki iko kwenye hatua hii, si kwenye hesabu zinazofuata.

Hatua ya 4: Ondoa vifo vya kawaida. Chukua wazee 100 wa miaka 70 wenye saratani. Baada ya miaka 5 wamebaki 50. Lakini hata wazee 100 wa umri huo wasio na saratani, tuseme wangebaki 80. Gawanya 50 kwa 80, unapata 62.5%. Hicho ndicho kiwango linganishi cha kunusurika. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua kilichomuua mtu. Vyeti vyetu vingi vinaandika "moyo kusimama", kana kwamba kuna anayezikwa ukiwa unadunda. Unachohitaji ni jedwali la uhai la wananchi, linaloonyesha wangapi hubaki hai kwa umri, jinsia na mwaka. Tangu 2012 wengi wanatumia njia ya Maja Pohar Perme na wenzake, ambayo iko tayari ndani ya R, programu ya kompyuta ya takwimu.

Hatua ya 5: Sawazisha umri. Kama wagonjwa wa leo ni wazee kuliko wa 1990, ulinganifu umeharibika. Tumia uzito wa umri ule ule kwa vipindi vyote, yaani kila kundi la umri lichukue sehemu ile ile ya hesabu.

Hatua ya 6: Chora mistari mitatu pamoja. Kunusurika, visa vipya, na vifo kwa kila watu 100,000. Ukichora wa kwanza peke yake utadanganyika. Korea Kusini walianza kupima kwa ultrasaundi tezi ya shingoni, ile inayovimba tukaita rovu, kwa watu wasio na dalili yoyote. Kufikia 2011 visa vya saratani ya tezi hiyo vilikuwa mara 15 ya vile vya 1993. Kunusurika kukakaribia 100%. Vifo? Havikusogea. Walikuwa wanagundua vivimbe ambavyo visingemuua mtu. Na ile 69% ya Marekani ina chumvi ya namna hiyo kutoka kwenye tezi dume, ingawa si yote: dawa nazo zimefanya kazi kweli.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Waliopotea tukiwahesabu wako hai kuna ubaya?*

Marahaba. Upo, tena mkubwa. Chukua wagonjwa 100: 30 wako hai, 30 wamekufa, 40 hawajulikani. Ukiwahesabu hai unapata 70%. Ukiwahesabu wamekufa, 30%. Andika zote mbili, kisha rudi kwenye simu.

*Kaka, hospitali yetu imepata CT scan. Sasa wagonjwa ambao saratani yao iko hatua ya pili wanaishi zaidi, na wa hatua ya nne pia, dawa zile zile. Uchawi?*

Hakuna uchawi. Mashine imeona madoa madogo ya saratani iliyosambaa kwa baadhi ya wale wa hatua ya pili, wakahamishiwa ya nne. Ya pili imepoteza wagonjwa wake dhaifu. Ya nne imepata wenye nafuu kuliko wenyeji wake. Wastani umepanda pande zote. Jumlisha hatua zote uone kama kuna kilichobadilika.

*Aliyevuka miaka 5 amepona?*

Si lazima. Ya matiti hurudi hata baada ya miaka 10. Mitano ni mazoea ya watakwimu.

*Kiwango linganishi nimepata 103%. Nimekosea wapi?*

Pengine hujakosea. Waliopimwa mapema huwa na bima na afya njema kuliko wananchi wa kawaida, kwa hiyo wanaweza kuwazidi. Lakini kwanza niambie: jedwali la uhai ulilotumia ni la mwaka gani? Kama wagonjwa wako ni wa 2015 na jedwali ni la miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unaua bila dawa, umewalinganisha na marehemu.