Kabla hujajumlisha takwimu za uhalifu za FBI, kagua nani hakuripoti

Wiki jana nilikesha na mpwa wangu, anayesomea takwimu. Grafu yake ilionyesha uhalifu Marekani umeporomoka mwaka 2021. Haukuporomoka: idara za polisi zilizoripoti ndizo zilizopungua.

Hatua ya 1. Pakua mafaili ya miaka unayoilinganisha kutoka Crime Data Explorer, tovuti ya takwimu za uhalifu ya FBI, pamoja na faili la ushiriki wa idara.

Hatua ya 2. Yafungue kwa R, programu ya takwimu. Excel siitaki kabisa kwa kazi hii. Inameza sifuri ya mwanzo: msimbo wa kaunti ya Los Angeles, 06037, unageuka 6037, na majedwali hayaungani tena.

Hatua ya 3. Tenganisha sifuri na pengo. Usiku wetu uliishia hapa. Sheria ya shirikisho hailazimishi polisi kuripoti kwa FBI, na idara zenyewe zimepita 18,000. Januari 1, 2021 FBI iliacha mfumo wa zamani wa majumuisho, yaani jumla za makosa tu, ikataka NIBRS peke yake, mfumo unaoandika kila tukio kivyake. Polisi wa jiji la New York na wa Los Angeles walikuwa bado hawajahamia, kwa hiyo katika NIBRS ya mwaka ule hawamo. Mwaka 2022 FBI ikaanza tena kupokea majumuisho.

Basi seli tupu usiijaze 0. Na 0 nayo usiiamini mpaka uangalie miezi iliyoripotiwa. Miezi 12 na wizi 0 huenda ni kijiji chenye askari wawili. Miezi 0 na wizi 0, hapo hakuna aliyesema lolote. Mpwa wangu alizihesabu sawa.

Idara iliyoripoti miezi 7? Wapo wanaokisia miezi 5 iliyobaki. Mimi naiondoa, kwa sababu Julai na Desemba hazifanani. Baki na zilizotimiza miezi 12 kila mwaka, kisha andika chini ya grafu zinahudumia watu wangapi.

Angalia pia idara iliyobadili mfumo katikati. Zamani mtu akiporwa na kuuawa, yalihesabiwa mauaji tu. NIBRS inaandika yote mawili, hadi makosa 10 kwa tukio, hivyo idadi inaweza kupanda bila mtaa kuharibika.

Hatua ya 4. Linganisha mauaji na vyeti vya vifo vinavyokusanywa na CDC, taasisi ya afya ya Marekani. Hivyo havipitii kwa polisi.

Grafu mpya ya mpwa wangu ina nafasi wazi palipokuwa New York, na chini yake ameandika: "haikuripoti".