Upasuaji wa Kuinua Matiti: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuamua

Mwanamke anayefikiria kufanyiwa upasuaji wa kuinua matiti huuliza mengi kuhusu umbo atakalopata, na machache mno kuhusu makovu atakayobaki nayo. Ningemshauri aanze na makovu. Titi huinuliwa kwa kuondoa ngozi iliyolegea, kuikusanya tishu ya ndani na kuipandisha pamoja na chuchu, kisha kuifunga ngozi iliyobaki ikiwa imekaza. Hakuna namna ya kufanya hayo bila kuacha alama ya kisu, na alama hiyo hufifia lakini haifutiki.

Urefu wa kovu hutegemea kiasi ambacho titi limeshuka. Daktari huangalia chuchu ilipo ikilinganishwa na mkunjo wa chini, pale titi linapokutana na kifua. Chuchu ikiwa usawa wa mkunjo huo, huenda mkato wa kuzunguka duara jeusi la chuchu ukatosha. Ikiwa imeshuka zaidi, huongezwa mkato wa wima unaoteremka hadi kwenye mkunjo, na inapokuwa imeelekea chini kabisa, huongezwa mwingine unaolala ndani ya mkunjo wenyewe, hata kovu zima likafanana na nanga. Jihadhari na anayekuahidi mkato mdogo kabla hata hajakupima, kwa kuwa mkato wa kuzunguka duara pekee ukilazimishwa kwenye titi lililoshuka sana, duara hutanuka na titi huwa bapa upande wa mbele.

Jambo la pili ni kwamba upasuaji huu hubadili umbo, si ukubwa. Titi linaweza hata kuonekana dogo kidogo kuliko lilivyokuwa likivaliwa sidiria. Anayetaka pia lijae upande wa juu huenda akashauriwa kuwekewa vipandikizi, yaani vifuko vya kujaza titi kwa ndani, na hilo ni uamuzi mwingine wenye hatari zake, ambao haufai kuchukuliwa haraka kwenye meza ya daktari. Mwanamke ambaye bado anatarajia kuzaa ni heri angoje, kwa sababu ujauzito huyavimbisha matiti na kuitanua ngozi upya. Vivyo hivyo, uzito wa mwili uwe umetulia kwa miezi kadhaa.

Unapoonana na daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, mweleze magonjwa uliyonayo, dawa zote unazotumia zikiwemo za mitishamba, historia ya saratani ya matiti katika familia, na kama umewahi kuota keloidi, yaani kovu nene linalokua kupita kidonda chenyewe, baada ya kuumia au kutoboa masikio. Hili la mwisho lisisahaulike, hasa kwa wenye ngozi nyeusi, ambao huota keloidi zaidi. Kulingana na umri wako, unaweza kutakiwa kupigwa picha ya eksirei ya matiti kwanza. Aspirini na dawa nyingine zinazozidisha kutoka damu husimamishwa mapema, ila dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Mvutaji wa sigara huagizwa kuacha angalau wiki 4 kabla na kuendelea kujizuia baadaye. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyohamishwa huitegemea mishipa hiyo ili isife.

Siku yenyewe utafika bila kula, kama utakavyoelekezwa. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, daktari atakuchora kwa kalamu ya wino ukiwa umesimama wima, kwa maana ukilala chali matiti husambaa pembeni na vipimo vyote hupotea. Huo ndio wakati wa kumwonyesha mahali unapotaka chuchu iwe, na usione haya. Baadaye utalazwa kwa nusukaputi, na kazi yenyewe kwa kawaida huchukua saa 2 hadi 3. Wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, mradi wawe na mtu mzima wa kukaa nao usiku wa kwanza.

Siku za mwanzo zina uvimbe, michubuko na maumivu ambayo vidonge huyatuliza. Matiti yatakuwa yamekaza, yamepanda kupita kiasi na bapa upande wa chini. Wengi huingiwa na hofu wanapojitazama kwenye kioo, ilhali umbo hilo halijatulia na huchukua miezi 3 hadi 6 kukaa sawa. Lala chali ukiegemea mito, tembea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, na uvae sidiria maalumu usiku na mchana kwa muda utakaoagizwa. Kazi ya kukaa ofisini huwezekana baada ya wiki 1 au 2, lakini kubeba mtoto, kunyanyua vitu vizito na mazoezi ya nguvu hungoja wiki 4 hadi 6. Panga msaada wa nyumbani mapema.

Mahali mkato wa wima unapokutana na ule wa mkunjo ndipo kidonda hupenda kufunguka kidogo, na mara nyingi hupona kwa kusafishwa tu, ingawa daktari lazima akione. Titi moja likivimba ghafla na kuwa gumu, chuchu ikibadilika kuwa ya buluu au nyeusi, ukipata homa au usaha, mguu ukivimba au pumzi ikakatika, rudi hospitalini mara moja.

Kovu huwa jekundu au jeusi na gumu kwa miezi ya kwanza, kisha hulainika hadi kufikia mwaka mmoja au zaidi. Vibandiko vya silikoni husaidia pindi kidonda kinapofunga. Hisia za chuchu zinaweza kupungua, kwa kawaida kwa muda, na kwa baadhi ya wanawake moja kwa moja. Wengi huweza kunyonyesha baadaye, lakini hakuna daktari mwaminifu atakayekuhakikishia hilo.

Upasuaji huu hauondoi haja ya kuendelea kuchunguzwa saratani. Kila upigwapo picha ya matiti mjulishe mhusika kwamba ulifanyiwa upasuaji na mwaka uliofanyiwa, kwa kuwa makovu ya ndani huonekana kwenye picha na yanaweza kudhaniwa kuwa uvimbe.