Ukiuguza mtu wa kemo nyumbani, jua kwanza mko wiki ya ngapi

Hii nawaandikia mnaouguza mtu anayepigwa kemo, yaani dawa za saratani, hasa nyie mliomleta mama au baba kutoka mkoani aje atibiwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na mmempa chumba kwenye nyumba yenye watoto wa shule, watu wa kazini na majirani wasiobisha hodi. Sisi tunamuuguza mama, saratani ya titi. Mambo ya dawa ni ya daktari wenu, mimi naongelea ya nyumbani.

Kitu kilichotutuliza zaidi ni kalenda ya ukutani. Kemo nyingi zinapigwa kwa mzunguko, mara nyingi kila siku 21, ila zipo za kila wiki na za kila wiki mbili kwahiyo ulizeni yenu ikoje. Zungushia siku ya dripu alafu hesabu kuanzia hapo, maana mwili wa mgonjwa unabadilika wiki kwa wiki na nyumba inabidi imfuate yeye, sio yeye aifuate nyumba.

Wiki ya kwanza ni ya kichefuchefu na uchovu. Dawa ya kuzuia kutapika apewe kwa saa zake kama alivyoandikiwa hata kama anasema yuko poa, ukisubiri mpaka aanze kutapika umeshachelewa. Jikoni ndo kuna kazi, harufu ya kitunguu kinachokaangwa au dagaa inamtibua kabisa, sisi jiko tumelitoa uani na chakula chake anapewa kikiwa vuguvugu au kimepoa maana cha moto kinatoa harufu kali. Kidogo kidogo, uji nusu kikombe, ndizi, kiazi, baada ya masaa mawili tena. Na kile chakula anachokipenda kuliko vyote msimpikie siku hizi, akikitapika atakikinai hata akishapona. Kama anapigwa ile dripu nyekundu mkojo unaweza kutoka mwekundu siku moja mbili, ni rangi ya dawa ile msishtuke. Ila kwa masaa 48 anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu, na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake.

Wiki ya pili ndo naomba msome taratibu. Kichefuchefu kimepungua, anaongea, anacheka, ndugu wanasema sa hivi kapata nafuu ngoja twende tukamwone, kumbe ndani kinga ndo imeshuka kabisa, kwa mzunguko wa siku 21 mara nyingi ni kati ya siku ya 7 na ya 14. Nunueni themometa, ni kitu cha lazima. Ikisoma 38 au zaidi, au akianza kutetemeka kwa baridi, ni hospitali muda huohuo hata kama ni saa nane usiku. Sisi tumezoea homa ni malaria au yutiai, unampa panado, asubuhi unaenda duka la dawa, kwa mtu wa kemo hiyo asubuhi inaweza isifike. Panado inashusha homa alafu inawaficha hatari iliyopo. Mkifika mapokezi neno la kwanza liwe "huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani", msisubiri foleni kimya kimya. Mfuko ukae tayari mlangoni, una faili, kadi ya bima, orodha ya dawa na hela ya bajaji.

Wiki hiyohiyo kachumbari pumzisheni, matunda ya kukatwa barabarani hapana, maziwa yachemshwe, yai liive mpaka kiini. Mwenye mafua asiingie hata kama ni mjomba katoka Mbeya, na maneno hayo asiyaseme mkamwana maana ataonekana ana roho mbaya, tafuteni shangazi mmoja anayeheshimika awapigie simu ndugu wote kabla hawajapanda basi. Watoto wanawe mikono, wakishanawa wamkumbatie bibi yao, saratani haiambukizi. Waambieni jina la ugonjwa pia, mtoto akifichwa anajitungia la kwake na la kwake ndo baya zaidi.

Wiki ya tatu mwacheni aishi. Kama anataka kwenda kanisani au msikitini aende, akitaka kuchambua mchele au kushika hela ya matumizi mpeni, mama akinyang'anywa nyumba yake kwa huruma anazidi kudhoofika na mimi nimeiona hiyo kwa macho yangu. Mlisheni sasa, maharage, samaki, mayai, nyama kama anaitaka. Kabla ya dripu inayofuata atapimwa damu, ikiwa chini wanaweza kusogeza tarehe, hilo ni la kawaida, msianze kumlaumu kwamba hali chakula vizuri. Na mlonge, mwarobaini na zile chupa wanazoleta majirani, usimpe kabla hujamtajia daktari jina la dawa hiyo na kumuuliza, nyingine zinagombana na dawa.

Akienda kwenye mionzi ratiba inabadilika, mara nyingi ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, kwahiyo kazi kubwa inakuwa usafiri. Zile alama walizomchora msizisugue, ngozi ile ioshwe kwa maji ya vuguvugu tu, mafuta ya kupaka waulizwe wahudumu, na nyumbani avae dera au kanga laini. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, analala na wajukuu bila shida.

Kwenye grupu la familia usiandike "jamani tusaidieni", watu wataweka emoji ya kuomba na kutulia. Andika "Jumatano saa 12 asubuhi nani anampeleka mama, dripu ni mpaka jioni" na jina litatokea. Hela iwe na mshika hela mmoja anayeweka risiti hapohapo, ugomvi mwingi unaanzia hapo. Aliyekesha usiku asubuhi alale, simu yake ashike mwingine, na hao wa "mgonjwa anaendeleaje" wajibiwe mara moja tu kwa siku, kwenye grupu, jioni.